Kisu cha Mashoto

Mtaani walimwita Jaji, ingawa mahakamani alifika mara moja tu, siku alipokwenda kuapa kwamba amepoteza kitambulisho. Kazi yake ilikuwa kutunza stoo ya kiwanda cha magodoro. Ujaji wake ulikuwa wa visu vya kukunja, vile vya kutia mfukoni, na kesi zilisikilizwa kibarazani kwake jioni akishavua viatu. Mtu akinunua kisu, akiokota kisu, akiletewa kisu na mkwewe, hakuwa na raha mpaka Jaji akishike.

Naye hakuwa na haraka. Kwanza alikipima kiganjani kikiwa kimekunjwa, macho ameyafumba. Kisha alikifungua polepole karibu na sikio asikie springi inasemaje. Kisu kizuri, alisema, hufunguka kwa neno moja, kibaya hupiga porojo. Aliishika ncha kwa vidole viwili akaitikisa, aone kama chuma kinacheza kwenye pini. Alikifunga tena akachungulia ndani ya mpini, aone kama chuma kimekaa katikati au kimelalia ubavu. Mwisho kabisa alipandisha shati na kunyoa nywele za mkono. Kwa sababu ya hukumu hizo mkono wake wa kushoto ulikuwa kipara kuanzia kifundo hadi kiwiko, na wa kulia una manyoya yake kama kawaida. Watoto wa jirani waliamini alizaliwa hivyo.

"Hiki ni cha kukatia keki," alisema kisu kikiwa hakifai. Kikifaa alisema, "Hiki utamwachia mwanao," na mwenye kisu aliondoka kifua mbele.

Vya kwake alivilaza kwenye droo ya kabati la chumbani, juu ya kitambaa cha flana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Kila Ijumaa alivitoa, akavisafisha mpini kwa kijiti cha meno kuondoa uchafu wa mfukoni, japo mfukoni havikuwahi kuingia, akadondosha tone la mafuta ya cherehani kwenye pini, akafuta alama za vidole na kuvirudisha. Cha mbele kabisa kilikuwa na mpini mweusi wa pembe na chuma chenye mawimbi mawimbi, zawadi ya shemeji yake, dereva wa lori. Hicho alikiita Mfalme. Mfalme hakuwahi kukata hata uzi. Mfalme gani anafanya kazi?

Mkewe alikuwa na kisu kimoja tu, nacho kilimtia Jaji aibu.

Nyumbani waliitana Mama Pacha na Baba Pacha, kwa ajili ya watoto wao mapacha waliokwisha kukua na kwenda zao. Lakini kazini, kwenye kitalu cha miche ya matunda nje kidogo ya mji, huyo mama aliitwa Mashoto, kwa kuwa alifanya kila kitu kwa mkono wa kushoto. Kazi yake ilikuwa kubebesha. Alichukua mche wa parachichi uliooteshwa kwa kokwa, akaukata kichwa na kuupasua. Akachukua kikonyo, yaani kijiti kilichotoka kwenye mti unaozaa vizuri, akakichonga mguu kama kabari. Akakichomeka kwenye ule mpasuko na kufunga kwa ukanda wa nailoni. Mikato miwili ikikutana vizuri, vinashikana vinakuwa mti mmoja. Ikiachana hata unene wa karatasi, kikonyo kinakauka na kuwa cheusi.

Kisu chake kilikuwa kifupi, cheusi, mpini wa mbao umezungushiwa utepe wa fundi umeme, na kukifungua kulitoa mlio wa bawaba ya choo. Mwaka wa kwanza wa ndoa Jaji alikinyooshea mkono akipime, mkewe akamwambia, "Hicho usikiguse." Hakusema kwa nini, na Jaji hakuuliza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, lakini yeye alikuwa mtu wa kuulizwa. Moyoni aliamua kwamba mke wake anakionea haya kisu chake, akamsitiri kwa kukaa kimya miaka yote.

Sasa, msimamizi wa wabebeshaji pale kitaluni alikuwa anastaafu. Bibi mwenye kitalu alisema nafasi hiyo ni kati ya wawili, Mashoto na mwanamume mmoja waliyemwita Mrefu. Jumamosi kila mmoja angebebesha trei zake za miche, trei sawa kwa sawa, na baada ya mwezi wataangalia za nani zimeshika zaidi. Maneno mengine hataki.

Mashoto aliitaka nafasi hiyo, wala hakujifanya haitaki. Wageni wote walioanza kazi kitaluni alikuwa amewafundisha yeye, Mrefu akiwa mmojawapo, na nafasi hiyo ilikuwa imempita mara mbili wakipewa watu waliotoka nje.

"Safari hii nikikosa, Baba Pacha, siombi tena," alisema. "Nitakata vijiti mpaka nizeeke, basi."

Siku nyingi kisu chake kililala kitaluni, kwenye kabati la vifaa linalofunguliwa na kila mtu. Ijumaa hiyo alikuja nacho nyumbani ndani ya mfuko wa aproni, akaitundika aproni nyuma ya mlango wa jikoni, akatoka kwenda kumjulia hali jirani aliyekuwa mgonjwa. Jaji alibaki na droo yake, kitambaa chake na chupa yake ya mafuta.

Alitaka kumsaidia. Hili lisemwe mapema, kwa sababu kuna watakaomwona mtu mbaya. Hakuwa mbaya. Tatizo lake lilikuwa kujua. Alipomaliza kumfuta Mfalme alitazama mlango wa jikoni, akajiambia kesho ndiyo kesho, na mke wa Jaji hawezi kwenda kushindania kazi na kisu kinacholia kama choo. Akakitoa mfukoni mwa aproni.

Alipokifungua alishtuka kweli. Upande mmoja wa makali ulikuwa umenolewa mshazari, upande wa pili haukunolewa kabisa; ulinyooka kama rula kutoka mgongoni hadi kwenye makali. Akatikisa kichwa kwa huruma. "Maskini Mashoto wangu," alisema peke yake, "hata kunoa ananoa kishoto."

Akatoa kinoo, akakilowanisha, akaanza kuurekebisha ule upande uliosahauliwa. Chuma kilikuwa kigumu kuliko alivyotarajia, akatokwa na jasho, lakini hakuacha mpaka pande zote mbili zikateremka sawasawa na kukutana katikati. Kikakata karatasi bila sauti. Kikanyoa zile nywele chache zilizokuwa zimeanza kuota mkononi. Akatia tone la mafuta kwenye pini, mlio wa bawaba ukanyamaza, akakirudisha alikokitoa. Usiku huo alilala usingizi wa mtu aliyetoa zawadi na bado hajashukuriwa.

Jumamosi mkewe aliondoka alfajiri. Jaji alishinda kibarazani akilisubiri tabasamu lake. Mchana, mapema kuliko kawaida, alimwona akija, hatua zake za kawaida, uso haukusema kitu. Alimpita bila salamu, akaingia ndani. Jaji alimfuata. Kisu kilikuwa juu ya meza, kimefunguliwa.

"Baba Pacha, umekigusa kisu changu?"

Jaji alitabasamu. Swali alilitegemea, ila si kwa sauti ile.

"Nimekinoa. Kilikuwa kimekaa upande. Sasa kinanyoa."

"Kinanyoa."

"Kama wembe! Hebu tazama..." Akaanza kupandisha shati.

"Shusha shati lako," mkewe alisema, akakaa kitini.

Aliulaza mkono wake wa kushoto juu ya meza akautazama. Alipoanza kusema hakupandisha sauti, na hilo lilimtisha Jaji kuliko kelele.

"Nilidhani ni mkono wangu. Kila nikichonga kikonyo, mkato una kitumbo. Nachonga kingine, kitumbo. Nikasema basi, mkono umezeeka, na umechagua siku ya leo. Nimefunga trei nzima, Baba Pacha, nikiamini mkono wangu umekufa. Ndipo nikakiinua kisu juani nikaona kilichofanywa."

"Lakini pande zilikuwa haziko sawa."

"Hazitakiwi kuwa sawa! Ule ulionyooka ndio unaolala kwenye mti. Ndio unaouongoza mkono. Mshazari unakaa nje, upande mmoja tu. Ukitia mshazari pande zote, kisu kinayumba, kinachimba. Hakikati bapa tena."

Jaji alikitazama kisu. "Si ungeazima cha Mrefu?"

"Mrefu anakata kwa kulia. Mshazari wake uko upande wa pili. Kwangu mimi ni kiatu cha mguu mwingine. Hiki alinichongea marehemu aliyenifundisha kazi, kwa ajili ya mkono huu."

"Na yule bibi amesemaje?"

"Trei niliyokwisha kuifunga inahesabiwa. Zilizobaki nimalizie Jumatatu, na nije na kisu kinachokata. Mrefu keshamaliza."

Jaji alitafuta pa kushika. Mtu aliyezama hushika hata jani. "Ungeniambia lakini, Mama Pacha. Miaka yote hii, ungeniambia kwamba..."

"Nilikuambia usikiguse. Ulitaka maneno mangapi?"

Jaji aliona haya mpaka masikio yakawa ya moto. Akaingia chumbani, akavuta droo, akarudi na Mfalme kiganjani.

"Jumatatu utakwenda na hiki. Nitakichonga upande mmoja, kama unavyotaka."

Mkewe alimtazama. Alijua Mfalme ni nini kwa mumewe. Chumbani mle Mfalme alifutwa vumbi mara nyingi kuliko picha za watoto. "Usije ukajuta," alisema, lakini sauti ilikuwa imelainika kidogo, na Jaji akaenda uani na kinoo mbio mbio kabla haijakaza tena.

Kumgusisha Mfalme jiwe kulimuuma kama anajinoa mwenyewe. Alifumba macho msuguo wa kwanza. Alipoyafumbua, yale mawimbi mawimbi ya chuma yalikuwa yamefutika pale jiwe lilipopita, yakaacha weupe wa sufuria. Akasugua tena. Makali yalikuja upesi, upesi mno. Akakata kijiti kwenye ua wa nyumba, akakichonga mara moja, akayatazama makali: yalikuwa yamejikunja kama karatasi ya sigara. Akanoa upya, akachonga, yakajikunja upya.

Shemeji yake aliingia uani wakati huo, funguo za lori zikining'inia kidoleni. Huyu alikuwa mdogo wake Mashoto, na utani na Jaji aliuchukulia kama kazi ya pili.

"Shemeji! Umemvua Mfalme nguo mchana kweupe?"

"Ulikinunua wapi hiki?" Jaji aliuliza bila kuinua kichwa.

"Si pale njiani tunaposimama kula. Yule bwana alikuwa anauza na miwani. Miwani yangu ilivunjika siku ileile."

"Na hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Nilikuletea kwa utani. Wewe ukakisikiliza sikioni, ukafumba macho, ukasema hiki ni chuma cha wazee wa zamani. Mimi ni nani nibishane na Jaji?"

Jaji alicheka kidogo kwa uchungu, halafu akaogopa. Kama Mfalme ndiye huyu, raia wake je? Akaileta droo nzima uani. Kimoja kimoja alivichongea kijiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na kimoja kimoja vilimjibu. Vingine vilijikunja. Kimoja kilimeguka kama biskuti. Vingine makali yalikataa kuja kabisa. Viwili vilikuwa visu vya kweli, lakini makali yake yamepinda kama ndizi, na kubebesha kunataka makali yaliyonyooka. Vyote hivyo alivihukumu mwenyewe, kwa sikio na kwa nywele za mkono, na mtaa mzima ulimwamini. Watu wangapi walikuwa wamewaachia wana wao takataka kwa neno lake? Alijisikia mdogo pale kwenye kigoda, naye hakuwa mtu aliyezoea kujisikia hivyo.

Alichobakiwa nacho kilikuwa kile cheusi cha utepe. Akakigusisha jiwe, safari hii akisikiliza kweli. Chuma kililia juu ya jiwe kwa sauti nene na hakikutoa ila vumbi jembamba. Kigumu, kitulivu. Chuma bora cha nyumba hiyo kilikuwa cha mkewe tangu siku ya harusi.

Jumapili asubuhi alijua la kufanya. Ule mshazari alioutia Ijumaa ungeondoka kwa njia moja tu: kulaza upande mzima wa chuma juu ya kitu kilichonyooka kabisa, na kusugua mpaka upande wote ushuke ufikie makali. Kinoo chake hakikufaa, kilikuwa na bonde katikati. Akashusha ukutani cheti cha Mfanyakazi Bora wa kiwanda cha magodoro, akatoa kioo, akakilaza mezani na kukibandikia msasa. Akashika kisu. Akasimama hapohapo.

Upande gani?

Sasa pande zote mbili zilifanana, kwa juhudi zake mwenyewe. Ijumaa hakutazama ni upande upi ulionyooka. Mtu hatazami anachokiona kuwa kosa. Alijaribu kufikiri. Alikishika kwa kulia, akakihamishia kushoto, akasimama mbele ya kioo cha kabati na kujifanya anachonga, na kioo kikamgeuzia kila kitu akachanganyikiwa zaidi. Angeweza kubahatisha. Akikosea, kisu kingepungua upana bure na Jumatatu ingekuwa imekwisha kabla haijafika. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akaenda jikoni.

"Mama Pacha. Nionyeshe unavyokata."

Mkewe alikuwa anamenya vitunguu. "Kwani hujui?"

"Sijui."

Mashoto aliacha kumenya. Alimgeukia amtazame vizuri, kama mtu aliyesikia hodi nyumbani kwake kwa sauti asiyoijua. Kisha akafuta mikono, akatoka uani, akavunja kijiti. Akakaa kwenye kigoda. Akakishika kijiti kwa kulia, kisu kwa kushoto, kidole gumba kikatangulia kutulia chini ya kijiti, na mkono mzima ukavuta, si kifundo peke yake, mkono wote kuanzia begani, taratibu, mara moja. Gamba lilianguka. Akafanya tena. Na tena.

Jaji alichuchumaa karibu. Kidole cha shahada kilikuwa na sugu ndefu pale kisu kinapolala, na gumba lilikuwa na makovu madogo meupe ya zamani, pengine ya alipokuwa anajifunza. Mkono huo ulikuwa umempa chakula, umewaogesha mapacha, umemfunika shuka alipougua, na hakuwahi kuuona ukifanya kazi yake. Ulikuwa mzuri kuutazama. Alitaka kusema hivyo, akaona hana haki ya kusema siku hiyo.

"Umeona upande?" mkewe aliuliza.

"Vuta mara moja zaidi." Akauona. Akatoa kalamu ya wino mzito mfukoni, akaupaka upande unaolala kwenye mti, wote, usije ukampotea.

Kutwa nzima alisugua. Wino ulikuwa unamwambia ukweli: palipobaki weusi, msasa haujafika. Aliupaka, akasugua, akaupaka. Msasa ulikwisha makali akabadilisha mwingine. Shemeji yake alipita jioni, akasimama, akasema, "Kumbe majaji nao huhukumiwa kazi ngumu," akavuta ndoo akakaa akawa anamwagia maji bila kuombwa. Kisu kilipungua upana. Hilo halikuzuilika, maji yakimwagika hayazoleki.

Jua lilipokuwa linashuka alimpelekea mkewe. Mashoto alichonga vijiti viwili, akavikutanisha mkato kwa mkato na kuviinua dirishani. Katikati palipita uzi mwembamba wa mwanga. "Bado," alisema. Jaji akarudi mezani. Mara ya pili uzi ulikuwa mfupi zaidi. Mara ya tatu mkewe alivishika dirishani muda mrefu, akavizungusha, na mwanga haukupita popote.

"Hapo," alisema. Akakikunja, akakitia kwenye aproni.

Jumatatu alimaliza trei zake. Kisha ikabaki kungoja.

Mwezi huo ulikuwa mrefu. Mashoto hakununa, kununa kungekuwa nafuu. Alikuwa na adabu tu. Alimsalimia, alimkaribisha mezani, alimwambia asante, kama mgeni aliyefikia kwao kwa safari ya kikazi. Jaji alifunga baraza. Watu wakija na visu aliwaambia nendeni mkakate navyo kwanza, mrudi baada ya mvua. Wakadhani anaumwa.

Siku ya kuangalia miche aliomba ruhusa kiwandani akaenda na mkewe. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga kitaluni. Chini ya neti za kivuli trei zilipangwa mistari kwa mistari. Bibi mwenye kitalu, mwanamke mfupi mwenye buti za mpira, alipita taratibu aking'oa kila kikonyo kilichokufa na kukiweka kando ili kila mtu aone.

Kwenye trei za Mrefu aling'oa hapa kimoja, pale kimoja. Kazi nzuri, hakuna asiyeona. Alipofika kwenye trei za Mashoto za Jumatatu alitembea mpaka mwisho bila kuinama hata mara moja. Vyote vilikuwa vimechipua, majani madogo ya rangi ya shaba. Watu walinong'ona. Mrefu mwenyewe alipiga mluzi. Kisha bibi akafika kwenye trei ya Jumamosi, akainama, na hakuinuka kwa muda. Aling'oa, aling'oa, aling'oa. Jaji alitazama vijiti vyeusi vikirundikana pale chini akatamani ardhi impasukie.

"Mashoto," bibi alisema, "trei za Jumatatu, tangu nianze kazi hii sijaona mfano wake. Lakini nilisema zote zinahesabiwa. Mrefu amekupita kidogo."

"Ile trei ni yangu mimi!" Jaji alisikia sauti yake kabla hajaamua kusema. "Kisu nilikiharibu mimi, mumewe. Nilikatazwa nikakiharibu. Mkono wake hauna kosa."

Bibi alimtazama bila hasira. "Nimekusikia, baba, na pole. Lakini mbebeshaji hutazama kisu chake asubuhi kabla hajakata. Yeye mwenyewe ndivyo anavyowafundisha hapa."

"Ni kweli," alisema Mashoto. Akampa Mrefu mkono, akampongeza, na alimpongeza sawasawa, bila kinyongo cha wazi. Mrefu alitazama chini, asijue aweke wapi furaha yake.

Walirudi kwa miguu. Nusu ya njia mkewe alipunguza mwendo.

"Kila asubuhi nakitazama," mkewe alisema ghafla. "Kabatini pale kila mtu anapitisha mkono, huwezi kujua nani amefungulia kopo la rangi. Ndiyo maana Ijumaa ile nilikichukua. Nilisema kikilala nyumbani kitakuwa salama. Asubuhi sikukitazama, kwa sababu kilikuwa kimetoka kwangu."

Jaji alilia. Alilia njiani, mtu mzima, mchana, akipangusa uso kwa ule mkono wake wa kipara, na wapita njia wakampisha.

"Nisamehe, Mama Pacha."

"Nimekasirika," mkewe alisema. "Bado nimekasirika, na nitakasirika mpaka niishiwe. Usiniharakishe."

"Sikuharakishi."

"Haya."

Walifika. Mashoto alibadili nguo, akapika, wakala. Alipomaliza kuosha vyombo aliitoa aproni nyuma ya mlango, akaingiza mkono mfukoni, akaja mpaka alipokaa mumewe na kumwekea kitu kiganjani. Kilikuwa chembamba kuliko zamani, utepe wake umeanza kubanduka.

"Kesho nina trei. Makali yamepungua."

Jaji hakukifunga kiganja. Alikitazama kisu, akamtazama mkewe. "Unanipa mimi?"

"Nimpe nani?" alisema Mashoto kwa hasira yake ileile, haijapungua hata chembe. "Nyumba hii kuna mwingine anayejua upande?"

Jaji aliinuka kwenda kuleta maji na kioo. Aliporudi alimkuta mkewe ameshavuta kigoda, amekaa karibu kabisa na meza, anangoja kutazama.